Mkubwa wa Tesla na mzigo wa kobalti wa shemeki

Barua za wasomaji. Anayejibu ni Mama Sekretari, Lubumbashi

Jambo Mama Sekretari,

Mimi ni fundi wa simu, niko na kibanda hapa Katuba. Shemeki wangu, kaka wa mke wangu, ananunua kobalti, madini ya betri, kwa wachimbaji kule Kolwezi na kuiuza kwenye madepo ya Musompo. Nilimkopesha dola 800 aongeze mzigo. Aprili 2024 akasikia kwamba Drew Baglino, mkubwa wa mambo ya betri katika kampuni ya magari ya umeme ya Tesla, ameondoka. Kabla yake, Agosti 2023, alikuwa ameondoka mkubwa wa fedha, Zachary Kirkhorn, bila kutaja sababu. Shemeki akasema: hao wawili wamejua biashara ya kobalti imekwisha, wanatoka kimya kabla nyumba haijawaangukia. Jioni ileile akapeleka mzigo wote kwenye depo ya kwanza aliyoikuta wazi, akauza kwa bei ya kutupa. Mpaka leo nikimdai ananijibu kwamba hasara si yake, ni ya Tesla. Nina maswali mawili, Mama. Mkubwa akiondoka kimya, si kuna kitu anaficha? Na dola zangu 800?

Fundi wa Katuba

Mwanangu, Kirkhorn hakukopa kwako. Aliyekopa ni shemeki wako. Hilo liweke mfukoni, tutalitoa tena tukifika Musompo, maana pesa yako ilipotelea pale, haikuvuka bahari.

Sasa swali lako la kimya. Nimekuwa sekretari miaka ishirini na miwili katika mabiro ya mji huu, na barua nilizozipiga kwa wingi kuliko zote, baada ya zile za kudai malipo, ni barua za watu wanaoondoka. Maneno ni yaleyale: pour convenances personnelles. Kwa sababu zake binafsi. Nimeyaandika kwa mtu aliyeiba mafuta ya magari, nimeyaandika kwa mwanamke aliyepata kazi nzuri zaidi Ndola, nimeyaandika kwa kijana aliyechoka tu. Ukisoma barua hizo tatu leo huwezi kujua ipi ni ya nani. Ndiyo kazi ya maneno yale.

Nikupe kisa kimoja. Tulikuwa na DAF, mkurugenzi wa utawala na fedha, katika kampuni moja ya usafirishaji ambayo sitaitaja. Mtu wa suti ya kijivu, anahesabu hata vibiriti. Asubuhi moja aliniita, akanisomea barua yake mwenyewe, amesimama dirishani. Mistari minne. Saa sita mchana alirudisha funguo, moja moja, akanitaka nisaini nimezipokea, kisha akatoka na katoni chini ya kwapa. Hakuaga mtu.

Kabla ya jua kuzama radio trottoir, yaani uvumi wa mitaani, ilikuwa na taarifa kamili. Amekula mishahara ya Desemba. Amejenga nyumba Golf, mtaa wa matajiri. Amekosana na patron kwa sababu ya mwanamke. Na mimi, nakiri hapa mbele ya wasomaji, nilitia chumvi yangu: nilisema niliiona katoni kwa macho yangu, na ilikuwa nzito. Katoni kweli niliiona. Uzito wake niliutoa wapi? Sikuibeba.

Miaka ikapita. Jumapili moja, nje ya kanisa Kamalondo, nikamwona anaongozwa na binti yake, ameshikwa kiwiko. Nilimsalimu, akageuza kichwa upande usio wangu, kisha akacheka: "Sekretari, bado unapiga kwa vidole vinne?" Alikuwa kipofu. Glakoma. Ilikuwa imemwanza miaka miwili kabla hajaondoka, akamwomba patron jambo moja tu, wasimtaje ugonjwa, kwa sababu kampuni ilikuwa katikati ya mazungumzo na benki, na benki gani ingekopesha kampuni ambayo mwenye hesabu zake haoni tarakimu? Katoni ilikuwa na taa yake ya mezani.

Kinachoniuma hadi leo ni hiki: mimi ndiye niliyekuwa napiga jedwali zake. Miezi sita ya mwisho alikuwa ananiambia, "Ongeza herufi, ongeza tena." Tulianzia 10, tukafika 16. Mara mbili alinituma nimnunulie balbu kali zaidi. Ukweli wote ulikuwa mezani kwangu, nikaenda kuutafuta ndani ya katoni.

Haya, twende Marekani. Tesla iko kwenye soko la hisa, kwa hiyo haina uhuru wa kumficha kila mtu. Sheria ya kule inasema watu wa vyeo fulani wakiondoka, yaani mkurugenzi mkuu, mkubwa wa fedha, mhasibu mkuu, mkubwa wa shughuli na wengine wachache, kampuni ipeleke karatasi kwa tume inayosimamia soko la hisa ndani ya siku nne za kazi. Karatasi hiyo inaitwa fomu 8-K. Mimi napenda fomu, wenzangu wanajua, na hii nimeisoma kwa makini. Inadai jina. Inadai tarehe. Sababu haiidai. Mjumbe wa bodi akitoka kwa kugombana na kampuni, hapo ugomvi lazima uandikwe. Lakini mkubwa aliyeajiriwa, akijiuzulu au akiambiwa ajiuzulu, fomu inaridhika na jina na siku. Walio chini ya vyeo hivyo hawadaiwi hata hiyo karatasi. Anaweza kutoka Ijumaa, watu wakajua baada ya wiki mbili kwa kuona kiti kitupu.

Kwa hiyo kile ambacho shemeki wako alikiita kimya cha ajabu ni fomu iliyojazwa kama inavyojazwa siku zote.

Karatasi ya Kirkhorn ilitoka tarehe 7 Agosti 2023. Ilisema kwamba tangu tarehe 4 nafasi yake imechukuliwa na Vaibhav Taneja, aliyekuwa mhasibu mkuu, kwamba Kirkhorn amekaa Tesla miaka 13, na kwamba atabaki hadi mwisho wa mwaka kusaidia kukabidhi kazi. Basi. Isome kama sekretari, mwanangu. Nani anaingia? Mtu wa ndani, anayezijua hesabu tayari. Anayetoka anaondoka lini? Anapewa karibu miezi mitano. Katika mabiro niliyopitia mimi, mtu aliyekutwa na mkono ndani ya sanduku haachiwi karibu na sanduku miezi mitano. Anasindikizwa getini na mlinzi kabla chai haijapoa. Hiyo haikuambii kwa nini Kirkhorn alitoka. Inakuambia tu kwamba nyumba haikuwa inawaka.

(Kirkhorn huyohuyo, Machi 2021, alipewa cheo rasmi cha Bwana wa Sarafu, siku ambayo Elon Musk, mkurugenzi mkuu wa Tesla, alijipa cheo cha Mfalme wa Tekno. Fomu ileile, 8-K. Nimepiga barua nyingi za ajabu lakini hiyo sijaifikia.)

Baglino ndiyo kabisa hakunyamaza. Alitangaza mwenyewe kwamba anaondoka baada ya miaka 18. Bahati mbaya habari yake ilitoka siku moja na habari kwamba Tesla inapunguza zaidi ya asilimia 10 ya wafanyakazi wake dunia nzima. Radio trottoir ikizisikia habari mbili siku moja, inaziozesha.

Ukitaka kuona shemeki zako wa Marekani wanavyouza jioni kwa depo ya kwanza, mwangalie Dave Morton. Aliingia Tesla kama mhasibu mkuu tarehe 6 Agosti 2018. Kesho yake Musk akaandika hadharani kwamba anafikiria kuitoa kampuni kwenye soko la hisa kwa dola 420 kila hisa, na kwamba pesa imepatikana. Mvua ya mawe ikaanza: wanasheria, tume, waandishi wa habari. Tarehe 7 Septemba ikatangazwa kwamba Morton ameondoka tangu tarehe 4. Hakumaliza hata mwezi. Usiku uliotangulia Musk alikuwa ameonekana kwenye kipindi cha mazungumzo anavuta bangi. Siku hiyo hisa zikashuka karibu asilimia 6.

Morton alitoa sababu: macho ya watu juu ya kampuni na kasi ya ndani vilizidi alivyotarajia, na hana ugomvi na wakubwa wala na hesabu. Watu hawakumwamini. Mhasibu anaondoka baada ya wiki nne, lazima ameona shimo! Robo hiyohiyo ya mwaka ilipofungwa, Tesla ikatangaza faida ya dola milioni 312. Mwisho wa Septemba tume ilimshtaki Musk juu ya yale maneno ya dola 420, na kesi ikamalizwa kwa faini ya dola milioni 20 kwake na milioni 20 nyingine kwa kampuni. Mimi ningekuwa Morton, wiki ya kwanza tu ningeanza kutafuta mkoba wangu.

Sikuambii kwamba kila anayeondoka ni msafi. Trevor Milton, mwanzilishi wa Nikola, kampuni ya malori ya umeme na haidrojeni, aliachia uenyekiti Septemba 2020, na miaka miwili baadaye baraza la mahakama likamkuta na hatia ya kuwadanganya wenye hisa. (Machi 2025 rais wa Marekani alimsamehe, lakini hiyo ni barua nyingine.) Ila angalia mpangilio. Siku kumi kabla hajatoka ilikuwa imechapishwa ripoti ndefu ikisema, pamoja na mengine, kwamba lori lililoonyeshwa kwenye video likikata barabara halikuwa linajiendesha: lilivutwa juu ya mteremko likaachiwa. Kampuni yenyewe ilikubali kwamba halikuwa likienda kwa nguvu zake. Sisi hapa tunaijua hiyo, taksi ngapi zinawashwa asubuhi kwa kusukumwa? Moto ulionekana kwenye lori kwanza. Kuondoka kulifuata.

Sasa kobalti, maana shemeki atasema Mama anazunguka. Kwamba Tesla inapunguza kobalti ni kweli, na si siri. Oktoba 2021 ilisema wazi kwamba magari yake ya bei nafuu yote yanahamia betri za chuma na fosfati, zile zisizo na kobalti wala nikeli. Aprili 2022 ikasema karibu nusu ya magari iliyotengeneza robo ya kwanza ya mwaka huo yalikuwa na betri hizo. Hapo Kirkhorn yupo ofisini, Baglino yupo ofisini, wanaongea mbele ya wote. Aliyetaka kuogopa alikuwa na karatasi ya kuogopea mwaka mzima na zaidi kabla ya hiyo safari ya kimya.

Na kama kuna mtu mmoja wa Tesla ambaye kuondoka kwake kunatuhusu sisi watu wa shaba na kobalti, ni JB Straubel. Shemeki hakumtaja, sivyo? Huyo alikuwa mkubwa wa teknolojia tangu siku za mwanzo. Julai 2019 ilitangazwa, katikati ya simu ya kawaida ya kueleza matokeo ya robo mwaka, kwamba anaachia kazi abaki mshauri. Watu wakabuni: amechoka na Musk, amegombana, magari yana kasoro. Alikoelekea palikuwa wazi. Tangu 2017 alikuwa ameanzisha Redwood Materials, kule Nevada, kiwanda kinachopokea betri zilizokufa na kutoa ndani yake nikeli, lithiamu, shaba na kobalti. Kobalti iliyochimbwa Kolwezi mara moja, Nevada inachimbwa mara ya pili, bila shimo. Na mwaka 2023 Straubel alirudi Tesla, safari hii kwenye bodi. Mtu aliyekimbia nyumba inayoanguka harudi kukaa sebuleni.

Kuhusu bei, shemeki alitafuta mbali kitu kilicho uani. Machi 2018 tani ya kobalti ilifika karibu dola 95,000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa chini ya 25,000. Nani aliishusha? Kwa sehemu ni hizo betri zisizoitaka. Lakini kwa sehemu kubwa ni sisi. Zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchi hii ya Kongo, na migodi kama Tenke Fungurume na Kisanfu iliongeza uzalishaji mpaka soko likafurika. Kobalti yao inatoka pamoja na shaba, shaba ilikuwa na bei, basi hawakuwa na sababu ya kusimama. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kinshasa ikafunga mauzo yote ya kobalti nje, Oktoba ikaweka viwango kwa kila kampuni, na kabla mwaka haujaisha bei ya dunia ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Texas, kwenye makao makuu ya Tesla, hakuna aliyejiuzulu kwa ajili hiyo.

Kwa haki, niseme na la kumtetea: kuuza Aprili 2024 hakukuwa wazimu. Mwaka ule bei iliendelea kushuka. Angeuza taratibu asubuhi yake, angekuwa mfanyabiashara mwenye bahati.

Kosa ni ile jioni. Umeandika "depo ya kwanza aliyoikuta wazi", na hayo maneno matano yanatosha. Nimewahi kumsindikiza mpwa wangu Musompo, nimeona inavyokwenda. Mnunuzi anachota kiganja cha unga kutoka kwenye gunia, anasogeza Metorex, kile kifaa kama bastola kinachopima kiwango, anasoma namba yeye mwenyewe, kioo kimeelekea kwake. Mwenye mzigo mwenye akili anasema asante, anafunga gunia, anakwenda kupimisha depo ya pili na ya tatu, na namba zinatofautiana kila mlango. Mwenye haraka anabaki palepale. Na mnunuzi anaiona haraka yako kabla hujashusha gunia kwenye pikipiki: jasho, simu mkononi, "Patron, unanunua leo?" Hapo alama moja inafutika kwenye kioo, na kwenye mzani kilo kadhaa zinaota mabawa.

Muulize shemeki alipimisha depo ngapi. Akisema moja, hasara ina mwenyewe. Mwambie akulipe kwa awamu, dola 50 kwa mwezi, mbele ya mke wako na mama mkwe, siku ya bukari, ugali wetu, wote wameshiba. Mambo ya shemeki hayapelekwi polisi. Lakini yaandikwe. Karatasi moja, tarehe, saini mbili, na nakala ibaki kwa mama mkwe, yeye hapotezi kitu.

Mama,

Mimi ndiye ninayeondoka. Nimefanya kazi miaka saba kwenye kaunta ya garaji moja, na Ijumaa ni mwisho. Patron amenipa karatasi nisaini kwamba naondoka kwa hiari, anasema niondoke bila kuaga wateja wala wenzangu, maana hataki maneno. Nisaini?

Dada wa Bel-Air

Dada, usisaini kilichoandikwa leo kwa siku ya Ijumaa. Saini Ijumaa, kwa mkono wako andika tarehe na saa, na ukiwa hukubaliani na hesabu andika juu ya saini kwamba umepokea bila kukubali. Kabla ya hapo dai vitu vitatu, kwa upole, umesimama: décompte final, hesabu ya mwisho ya malipo yako, yenye siku zako za likizo zote, attestation, yaani hati, inayosema uliingia lini na unatoka lini, na uhakika kwamba michango yako ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ya miaka saba imelipwa kweli. Huo wa tatu usiupokee kwa mdomo. Nenda mwenyewe CNSS na namba yako, wakuangalilie. Nimeona watu wanaugundua ukweli wa mchango wao wakiwa na mvi.

Maneno "kwa hiari" yasikutishe wala yasikufariji. Mji huu unayajua tangu 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walipoondoka kwa mpango wa Benki ya Dunia ulioitwa départ volontaire, kuondoka kwa hiari. Mpaka leo ukimuuliza mzee wa Lubumbashi hiari hiyo ilikuwa ya nani, anakuagiza kiti kwanza.

Kuhusu kuaga: wateja waache, hao ni wa patron. Wenzako wawili watatu waage nje ya kazi, Jumamosi, kwako nyumbani. Lakini mlinzi wa getini muage Ijumaa hiyohiyo, patron atake asitake, na ukiwa na katoni mfungulie aone ndani. Jumatatu yeye ndiye atakayeulizwa.